Mlango wa Pili wa Fisi

Fisi, mtawala wa Bonde, alimshtaki Nungunungu kwamba halipendi Bonde hata kidogo.

"Kila nikitoa amri, bwana huyu anauliza kwa nini," aliwaambia wanyama waliokusanyika mbele ya pango lake. "Asiyeniamini hana nchi. Ahame leo."

"Nauliza kwa sababu Bonde si lako peke yako, Mheshimiwa," alisema Nungunungu. "Mke wangu amezikwa hapa. Nihamie wapi?"

Kabla hajajibiwa, Kanga, ambaye hapitwi na jambo, alipiga kelele kwamba nyasi zinaungua. Fisi alikimbilia pangoni. Nungunungu aliukimbilia moto, akaufukia kwa udongo huku ncha za miiba yake zikiungua. Wengine walimsaidia mpaka ukazimika.

Walipoingia pangoni kumpa Fisi habari, hawakumkuta. Walikuta mlango wa pili, uliotokea ng'ambo ya mpaka.

Jioni Fisi alirudi akiwa ameshiba.

"Tumeushinda moto," alitangaza. "Sasa turudi kwenye kesi ya huyu asiyeipenda nchi."

Hakuna aliyemsikiliza. Nungunungu alikuwa ndani ya pango, akisukuma jiwe kubwa kuuziba ule mlango wa pili, na wenzake walikuwa wakimsaidia.

"Kwani hamniamini?" aliuliza Fisi kwa uchungu.

"Hilo la kukuamini tutalizungumza siku nyingine, Mheshimiwa," alisema Kanga. "Kwa leo tunataka tu moto ukija tena utukute sote nyumbani."