Albamu ya Kwanza ya Vifaranga

Siku hizi sheria inakuruhusu kumpiga mtu wa nyumbani kwako muda wote wimbo unapocheza. Ukiisha, mikono chini. Badi, mume wangu, alinivunja taya kwa taarabu moja tu, maana taarabu ni ndefu. Ndiyo maana ilipotoka albamu ya kwanza ya Vifaranga, wasichana wanne wanaoimba kitoto habari za mapovu ya sabuni na paka mwenye soksi, niliinunua upesi, na taarabu za Badi nikazifuta. Nyimbo zao ni fupi. Badi akikunja ngumi tu, wimbo umekwisha.

"Upuuzi gani huu!" alikuwa akifoka.

Jana mchana, Badi akiwa amelala, binti yetu Mishi alininong'oneza, "Mama, wimbo wa mwisho hauishi. Wanacheka, wanapiga makofi, wanaanza tena."

"Uweke," nikamwambia, nikachukua mchi wa kinu.

Pigo la kwanza lilimpasua goti.

"Zima, Mama Mishi! Utaniua!"

Majirani walisikia muziki, wakaendelea kula. Mishi alisimama mlangoni akipiga makofi pamoja na Vifaranga, hadi mikono yangu ilipochoka.

"Mama, mbona umeacha? Bado wanaimba."