Nyumba Ndani ya Simu

Tangu nyumba yao ibomolewe kupisha barabara, Bi Mwanasha hakutaka kutoka kwenye chumba walichopanga. Siku moja binti yake, Sikudhani, akampakatisha simu. Ndani ya mchezo wa kujenga, tofali juu ya tofali, alikuwa ameisimamisha tena nyumba ile, kwa subira ileile aliyofundishwa na marehemu baba yake walipokuwa wakijenga vijumba kwa maboksi ya viberiti.

“Ingia, mama. Sukuma kidole mbele tu.”

Bi Mwanasha akaingia. Akapita barazani, akapita ukumbini, mpaka chumba alichofia mumewe. Kitanda kilikuwa palepale.

“Mbona hakuna mtu?”

“Nimeweza nyumba tu, mama.”

Bi Mwanasha akakandamiza kidole ukutani. Tofali likapasuka, likatoweka.

“Mama, unabomoa!”

“Najua.”

Akaendelea, tofali moja baada ya jingine, machozi yakidondokea kioo. Sikudhani alinyoosha mkono amnyang’anye, akashindwa. Paa lilitoweka, kuta zikatoweka, kikabaki kitanda peke yake katikati ya uwanja wa nyasi usio na mwisho.