Vijiko Vingapi

Baada ya mafunzo kazini ya mwaka ule, kila mwalimu wa hisabati alipandikizwa kidude nyuma ya sikio. Hakuweza tena kumpa mtu jibu. Aliweza kuuliza tu, mwenye swali ajitafutie.

Mwalimu Tumsifu alikuwa akisahihisha madaftari peke yake shuleni wakati mumewe, Elinami, alipopiga simu kutoka nyumbani.

"Mama Nakundwa, mtoto anachemka! Dawa ni vijiko vingapi? Karatasi imelowa, haisomeki."

Ni kimoja. Tumsifu alilijua jibu, lakini likamkwama kooni.

"Wewe unaonaje?" mdomo wake ukasema.

"Huu si mtihani, mke wangu! Nitajie!"

"Tukianza na uzito wake," alisema, machozi yakimtiririka, "tutapata ngapi?"

Tumsifu akasikia kijiko kikigonga chupa mara moja, kisha mara ya pili.