Kidole Gumba

Muuguzi alifungua bendeji polepole, mgonjwa wake, mpakizi wa mizigo, akageuzia uso ukutani. Wiki ya tisa sasa tangu afungiwe kwa bahati mbaya ndani ya chumba cha barafu kiwandani, viatu vimelowa, na bado hajazoea kuutazama mguu wake. Vidole viwili vilishakatwa. Leo gumba ndilo lililokuwa linapimwa kama bado lina hisia, jeusi, limekauka kama ganda. Likikatwa, hatasimama tena sawasawa na mzigo begani.

“Fumba macho, kaka. Nikikugusa kwa pamba hii, niambie.”

Akafumba. Alikuwa amechoka na foleni, amechoka na maumivu yanayomnyima usingizi, amechoka na kila mtu kumwambia subira yavuta heri.

“Hapo,” akasema.

Mkewe, aliyekaa pembeni na magongo mapajani, aliona pamba ingali juu, mkononi mwa muuguzi.

“Na hapo tena. Naisikia kabisa.”

Muuguzi alimtazama mke. Mke akayalaza magongo sakafuni, akaja akamshika mumewe mkono.

“Fumbua macho, baba watoto,” alisema. “Hajakugusa bado.”