Kijiko cha Mama Mkwe

"Fungua mdomo," alisema Elvire, kijiko kikiwa hewani.

Darius alifumba macho kwanza, kwa aibu, ndipo akapanua. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka kutazama. Tangu lini mama mkwe akamlisha mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe?

"We mama, unavunja mila," alicheka Odette, aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha pili. "Bibi yake iko wapi?"

"Mélissa, binti yangu, hawezi kuja."

"Na huyu je? Ni ndugu ya mugonjwa?" Kwa kidevu alimwonyesha Télesphore, mwanamume wa makamo aliyeshinda kwenye kiti cha mlangoni. "Anakaa tu. Hata ndizi moja hajaleta."

Télesphore alitazama viatu vyake.

Katika hospitali ile, mgonjwa hula kinacholetwa na watu wake, na Darius hakuwa na mwingine wa kumletea. Limfoma, aina ya saratani, ilikuwa imemvimbisha tezi za shingo kama viazi, na mwili wote umebaki kilo arobaini na tatu. Dokta Jovithe hakumficha Elvire.

"Mtu aliyekonda hivi, dawa inamwangusha kabla ya ugonjwa. Asipoongeza uzito, Desemba haioni."

"Na akiongeza?"

"Akiongeza, ana nafasi nzuri."

Elvire alirudi nyumbani Ngagara ameuma meno. Kesho yake alikuja na uji wa mtama wenye karanga, samaki wadogo wa ndagala, mayai na parachichi. Darius alitapika. Akampangusa, akaanza upya. Darius alipokaza taya, Elvire alimbana pua kama mtoto anayekataa dawa.

"Niache nife, mama."

"Apana. Kufa ni rahisi. We utakula."

Aliyasema kwa sauti baridi hata Odette akaacha kucheka.

Kilo arobaini na saba. Hamsini na mbili. Kila mizani ilipopanda, Elvire aliitikia kwa kichwa kidogo, bila tabasamu, akaenda kuosha sufuria. Uvimbe wa shingo ukanywea. Asubuhi moja Darius akamshika kiganja, machozi yakimtiririka.

"Mama, kumbe umenisamehe."

Elvire aliuchomoa mkono wake, akachota kijiko kingine.

"Meza."

Mwezi wa Novemba dokta alisema vipimo ni safi. Darius alishuka ngazi kwa miguu yake, Télesphore akiwa amemshika mkono. Odette na wenzake wa wodi wakampigia Elvire vigelegele: mama mkwe wa aina hii hazaliwi tena. Yeye alikwisha kutangulia nje na sufuria yake.

Jumatatu, Télesphore, sasa amevaa sare ya polisi, alimpeleka Darius mbele ya jaji. Jaji alifungua faili lililoahirishwa mara tatu kwa sababu ya ugonjwa, akauliza kama mshitakiwa ana nguvu za kusimama asomewe shitaka la kumuua mke wake.

Kabla wakili hajainuka, Elvire alijibu kutoka benchi la nyuma.

"Anazo. Kilo sitini na moja."