Sega Lisilo na Asali

Kitendawili! Haya, tegua: sega langu halina asali, na lisiposafiri mbali hukosa pumzi.

Ni sega la kuchuja masizi ndani ya bomba la moshi, kwenye lile gari kuukuu la familia ya Bi Tunu. Liliziba tena, gari likaishiwa nguvu, fundi Chande akalichomoa likiwa jeusi tititi.

“Dada, hili la tatu! Kwani gari hili unakwenda nalo wapi?”

“Sokoni. Nyumbani. Sokoni.”

“Miaka yote tisa ya ndoa?”

“Shemeji yako husoma kilomita kila jioni. Zikizidi, nijieleze.”

Chande alicheka, kisha akaligeuza sega mkononi. “Ndiyo maana linaziba. Gari linataka barabara ndefu lipate moto, liunguze masizi yake. Ungekuwa na nafasi, ungelipeleka wapi?”

Bi Tunu alilikung’uta lile sega kuukuu, masizi yakamwagikia viatu vyake vya sokoni.

Sega jipya lilipofungwa, aliwasha gari akasogea hadi langoni. Kushoto ni sokoni. Kulia, barabara inapanda mlima. Akawasha indiketa ya kulia, akashusha kioo.

“Kwa mama yangu, fundi. Tangu niolewe hajaniona.”