Mwarobaini wa Mayunga

Kipima mwanga kilisoma tatu. Tangu macheo mpaka machweo, miche ya hoho ya Zengo pale kwenye dirisha la sebule ilikuwa imepata tatu, na hoho zinataka kumi na mbili.

Akaiandika namba hiyo daftarini kwa hasira, kalamu nusura itoboe karatasi. Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya kupima. Miche ilikuwa imerefuka ovyo, shina jembamba, majani ya manjano. Na bwana shamba huyu alikwishawaahidi wakubwa wake wa Bariadi hoho zilizozaa ndani ya nyumba ifikapo Nane Nane. Akishindwa, nafasi ya kwenda kusoma Morogoro angepewa mwingine.

Dirisha la pili lilikuwa la chumba cha nyuma, alikolala mama mkwe, aliyetoka Lingeka kumlea mkewe Rahel baada ya kujifungua. Chumba hicho Zengo hakukikanyaga. Tangu mama afike walikuwa hawajaonana uso kwa uso, kama ilivyo adabu ya mtu na mkwewe. Zengo akikohoa mlangoni, mama alishahama sebule.

Mbaya wake alimjua. Ni mwarobaini wa jirani yake Mayunga, uliosimama katikati ya nyumba ya Zengo na ofisi yake ng'ambo ya barabara, ukilizuia jua la asubuhi.

"Nakuomba ukate tawi moja tu," Zengo alimwambia Mayunga.

"Mwangaluka, bwana mipimo," Mayunga alimwamkia kwa Kisukuma, wateja wa duka lake wakicheka. "Kwani jua nalo ulipimiwa pamoja na kiwanja?"

Kicheko kile kilimkaa Zengo rohoni. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaapa kwamba mizizi ya mti inapasua msingi wa nyumba yake. Ufa aliouonyesha aliukuta siku anahamia. Wiki iliyofuata barua ikatoka, msumeno ukaja, mwarobaini ukaanguka. Mayunga alisimama mikono kiunoni. Zengo alitazama mpaka tawi la mwisho, na raha aliyoisikia hakuisikia hata mwanawe alipozaliwa.

Kesho yake aliwahi ofisini, akasogeza kiti dirishani alione jua likiingia nyumbani kwake.

Likaingia kweli. Sebule nzima ilionekana: miche, mkeka, beseni, na mama mkwe, kanga moja kifuani, akimwogesha mjukuu. Mama akainua uso. Macho yao yakakutana.

Pazia likavutwa.

Muda si mrefu Rahel akapiga simu. "Baba Nyanjige, mama ameona aibu mpaka analia. Anasema pazia hilo lisifunguliwe tena mchana mpaka atakapoondoka."

"Anaondoka lini?"

"Mtoto akianza kutembea."